Karafuu Ndani ya Bangi: Kemia ya Riha na Mzozo wa Majina

Apitaye njia ya Wawi, jirani ya Chake Chake katika kisiwa cha Pemba, siku ambayo Kiwanda cha Makonyo kimewashwa, hana haja ya kuuliza kiwanda kilipo, kwa maana riha ya karafuu humlaki kabla macho yake hayajaliona jengo. Humo makonyo, yaani vile vikonyo vibakivyo baada ya karafuu kuchambuliwa, hupitishiwa mvuke wa maji. Mvuke huyabeba mafuta yaliyojificha ndani yake, hupozwa ukarejea kuwa maji, na mafuta hujitenga yakakusanywa.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ambayo matabibu wa meno wameitumia kwa vizazi kadhaa kutuliza maumivu. Miongoni mwa yaifuatayo kwa wingi ni kariofilini, iliyopewa jina hilo kutokana na neno la Kiyunani la karafuu. Na jambo ambalo wachumaji wa Pemba hawaambiwi ni kwamba kariofilini hiyohiyo, pasi na tofauti ya atomi hata moja, imo kwa wingi katika maua ya bangi. Ikikaa hewani ikashikana na oksijeni hugeuka oksidi, na oksidi hiyo ndiyo ambayo wataalamu wawili wa Ujerumani, Stahl na Kunde, waliitaja mwaka 1973 kuwa riha imwongozayo mbwa wa polisi anusaye hashishi.

Basi kitu kimoja chenye jina moja kimo katika mazao mawili, ambayo moja limeilisha Zanzibar tangu enzi ya Sayyid Said, na la pili humpeleka mtu mahakamani. Katika Kanada, iliyohalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na katika majimbo kadhaa ya Marekani, miongoni mwayo Colorado, ambayo maduka yake yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014, jina la kariofilini huchapwa juu ya pakiti pamoja na wenzake, mirsini, limonini, pinini, linalooli na humulini. Na mnunuzi huambiwa kwamba kwa majina hayo ataweza kujua kama bangi ile itamchangamsha, itamlaza, au itamwondolea wasiwasi.

Makala haya yanauliza kama majina hayo yanastahili kuaminiwa kiasi hicho. Rai yangu ni kwamba jina la molekuli ni shahada ya kweli kwa jambo moja tu, yaani umbo la kitu chenyewe, na kila kinachozidishwa juu ya hapo chahitaji ithibati yake mbali.

Msomaji asidhani kwamba anaitwa kwenye uvutaji. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 1994 zimeikataza bangi waziwazi, na madhara yake kwa akili za vijana yameshuhudiwa na madaktari. Walakini elimu ya mmea haikuharamishwa pamoja na mmea, na jamii isiyojua kilichomo ndani ya kitu inachokikataza haiwezi kukikataza kwa hoja.

> Kariofilini ya makonyo ya Pemba na kariofilini ya bangi ni kitu kimoja, pasi na tofauti ya atomi hata moja.

Chupa katika kabati la Bonn

Mpaka katikati ya karne ya 19 mafuta yenye kunukia yalikuwa mali ya wauza uturi na waganga kuliko kuwa mali ya wakemia. Kila mti ulitoa mafuta yake, na kila aliyeyachuja akapata majimaji mepesi yenye riha aliyapa jina la mti wake, bila ya kujua kama mwenzake wa mji mwingine alikwisha kuyapata majimaji hayohayo katika mti mwingine. August Kekulé ndiye aliyeitungia jamii yao jina la terpini, mwaka 1866, akilitoa katika tapentaini, mafuta ya msonobari. Lakini kuupa ukoo jina ni jambo moja, na kuwatambua watoto wake ni jambo jingine.

Aliyewatambua ni Otto Wallach, aliyefanya kazi chini ya Kekulé katika Chuo Kikuu cha Bonn, ambaye alipotwikwa kazi ya kufundisha elimu ya madawa aliziona kabatini chupa za mafuta ya mimea zilizosahauliwa, akaomba ruhusa ya kuzichunguza. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu moja kubwa: vitu hivyo vingi vilikuwa na hesabu moja, atomi 10 za kaboni na 16 za haidrojeni. Limonini ina hesabu hiyo, na pinini, na mirsini, na osimini. Tofauti yao yote imo katika mpango, yaani atomi ipi imeshikana na ipi, na pete imefungwa wapi, au haikufungwa kabisa.

Wallach alizishikisha terpini zake na bromini, na haidrojeni kloridi, na kemikali nyinginezo, hata zikageuka fuwele. Alifanya hivyo kwa kuwa majimaji huchanganyika, na yakichanganyika hudanganya pua na macho, ilhali fuwele safi huyeyuka kwa kiwango chake cha joto kisichobadilika, na kwa kiwango hicho hutambulikana popote itokeapo.

Majina mengi yakaanguka. Sitrini iliyosifiwa kuwa ya malimau, na karvini iliyodhaniwa kuwa ya kisibiti peke yake, zilidhihirika kuwa ni limonini. Na dipentini, iliyokuwa ikihesabiwa mbali, ilidhihirika kuwa ni limonini vilevile, ila imechanganya kwa sawa molekuli za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto, kwa maana molekuli hii ina sura mbili zinazoelekeana mithili ya viganja viwili. Kwa kazi hiyo Wallach alipewa Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 1910, na kila afungaye leo chupa ya mafuta ya maganda ya machungwa akaandika juu yake jina moja tu, limonini, anakula matunda ya uvumilivu wa mtu huyo.

Ni yeye pia aliyeeleza, mwaka 1887, kwamba terpini zote zaweza kutazamwa kuwa zimejengwa kwa tofali moja, isoprini, yenye kaboni 5, ambayo Mwingereza Greville Williams alikwisha kuipata mwaka 1860 kwa kuuchoma mpira. Tofali mbili huzaa limonini na ndugu zake wa kaboni 10. Tofali tatu huzaa kariofilini na ndugu zake wa kaboni 15.

Kariofilini nayo haikusalimika na mashaka ya majina. Wakemia waliigawa kwa herufi za Kiyunani, alfa, beta na gama. Kisha alfa ikatambulikana kuwa si kariofilini kabisa bali ni humulini, ambayo Chapman aliiona katika hopsi za pombe mwaka 1895, na gama ikawa ni beta iliyogeuzwa upande wa kiungo chake kimoja. Ndiyo maana mpaka leo vitabu huandika beta-kariofilini, na msomaji mgeni huuliza alfa imekwenda wapi.

Tukiitazama sasa orodha ya riha za bangi, jambo moja latokeza. Limonini ni ya limau. Pinini ni ya msonobari. Linalooli imeitwa kwa mti wa linaloe wa Mexico, ijapokuwa kwetu imo katika mrehani; osimini imechukua jina la kitaalamu la mrehani wenyewe; mirsini ilitolewa mwaka 1895 na Power na Kleber katika mafuta ya mti wa visiwa vya Karibi uliokuwa ukiitwa Myrcia; humulini ni ya hopsi. Hakuna hata moja katika hizo iliyoitwa kwa bangi, kwa kuwa kila moja ilikwisha kujulikana kwingineko. Mfaransa Personne alijaribu, mwaka 1857, kuyapa majimaji ya bangi jina la kanabini, na jina hilo halikudumu.

Hata katika zile terpini zipitazo 100 zilizokwisha kuhesabiwa katika maua yake, zile kuu zote ni amana ya mimea mingine, na mpishi wa pilau, kwa karafuu zake, pilipili manga zake na mdalasini wake, hugusa kariofilini kila Ijumaa.

Ubani, benzini, na kitu kisichonukia

Hapa pana jambo liwapotezalo waandishi wengi. Mkemia asemapo kwamba kitu ni cha jamii ya aromatiki hakusudii kwamba kinanukia, ijapokuwa neno lenyewe lilianza na manukato. August Wilhelm Hofmann alilitumia mwaka 1855 kwa kundi la vitu ambavyo baadhi yake vilikuwa na harufu nzuri, kisha harufu ikaachwa, na pete ndiyo iliyobaki kuwa alama ya ukoo. Pete hiyo ni ya kaboni 6 zilizofungamana kwa namna ya pekee, na kiongozi wake ni benzini.

Benzini ilionekana kwanza na Michael Faraday, mwaka 1825, katika mabaki ya gesi ya kuwashia taa za London. Eilhard Mitscherlich akaipata tena muda mfupi baadaye kwa asidi itokanayo na utomvu uliochomwa katika nyumba za ibada na za mapenzi kwa karne nyingi, ambao Waarabu waliuita lubani jawi, yaani ubani wa Java. Kwa njia ya lugha za Ulaya jina hilo lilipondwa na kukatwa mpaka likawa benzoini, na benzoini ikamzaa benzini. Kwa hiyo neno linalotisha juu ya matangi ya mafuta na neno la ubani ufukizwao katika maulidi ni ndugu wa damu. Kekulé akaichora pete yake mwaka 1865, na tangu siku hiyo mkemia huuliza kwanza juu ya pete, wala haulizi juu ya pua.

Kwa kipimo hicho limonini si aromatiki, wala pinini, wala mirsini, wala kariofilini. Zote zanukia, na hakuna iliyo na pete ya benzini. Eujenoli ya karafuu inayo. Na katika bangi kitu kikuu chenye pete hiyo ni kile kisichonukia, tetrahidrokanabinoli, iitwayo THC, ambayo ndiyo ilevyayo. Molekuli yake ni nzito, hairuki hewani kwa wepesi, na pua haipati habari zake. Riha iliyotanda juu ya shamba la bangi ni ya terpini na wenzake, na mafuta ya bangi yaliyotolewa kwa mvuke, kama yatolewavyo mafuta ya makonyo, yaweza kunukia sana bila ya kumlevya mtu.

Walakini nasaba ya hivi viwili haikukatika. Ndani ya tezi ndogo zilizo juu ya vinyweleo vya maua ya mmea jike, mmea huchukua kipande kilekile chenye kaboni 10 ambacho ungekitumia kujenga limonini au mirsini, ukakifunga na kipande kingine chenye pete, na katika ndoa hiyo THC hupata asili yake. Nusu yake ni terpini, nusu yake ni aromatiki.

Nambari moja ndani ya jina

Mwaka 1964 Yehiel Gaoni na Raphael Mechoulam, wakifanya kazi katika Taasisi ya Weizmann, Israel, kwa hashishi waliyopewa na polisi, waliitenga THC safi na kuueleza muundo wake. Wakahitaji kutaja mahali pa kiungo kimoja maradufu ndani ya molekuli, na hapo ndipo mzozo ulipozaliwa, kwa maana nyumba moja yaweza kuhesabiwa vyumba kuanzia mlango wa mbele au mlango wa nyuma.

Waliohesabu kuanzia upande wa terpini waliiita delta-1. Waliofuata kanuni ya pete tatu zilizoungana waliiita delta-9. Dada yake, ambaye kiungo chake kimesogea nafasi moja tu, akawa delta-6 kwa hawa na delta-8 kwa wale. Kwa miaka mingi majarida yalichapa hesabu zote mbili, na msomaji asiyekuwa na habari aliweza kudhani kwamba vitu ni vinne ilhali ni viwili. Hesabu ya delta-9 ndiyo iliyoshinda, ikaingia katika vitabu, kisha ikaingia katika sheria.

Hapo ndipo elimu ya majina ilipoacha kuwa shughuli ya maktaba. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 iliiruhusu bangi ya nyuzi kwa sharti kwamba THC yake ya delta-9 isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Sheria ilitaja nambari moja, na wafanyabiashara wakaisoma ilivyoandikwa: wakachukua CBD, kitu kisicholevya kipatikanacho kwa wingi katika bangi ya nyuzi, wakaigeuza kwa asidi ikawa delta-8, ambayo hulevya, ingawa kwa nguvu pungufu, wakaiuza katika maduka ya barabarani hata katika majimbo yaliyokataza bangi.

Mwaka 2021 idara ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo kwa umma juu ya bidhaa hizo. Na mwaka 2022 mahakama ya rufani ya majimbo ya magharibi ikasema kwamba maneno ya sheria, kama yalivyo, hayaizuii delta-8 itokanayo na bangi ya nyuzi.

> Kiungo kimoja kilichosogea nafasi moja ndani ya molekuli kilitosha kukipitisha kileo katika mlango ambao wabunge walidhani wameufunga.

Wapo waliowalaumu wafanyabiashara. Mimi nawalaumu waandishi wa sheria kuliko hao, kwa kuwa mwenye kutunga sheria juu ya molekuli amejitwika dhamana ya kujua ndugu zake wote.

Maneno ya dukani na maneno ya maabara

Turudi kwenye pakiti. Muuzaji wa Denver au wa Toronto ana lugha mbili. Ya kwanza ni ya kale: sativa huchangamsha, indika hulaza. Majina haya yana heshima ya vitabu, kwa kuwa Linnaeus aliandika Cannabis sativa mwaka 1753, na Lamarck akaongeza Cannabis indica mwaka 1785. Lakini mimea imechanganywa mno tangu hapo, na jina la dukani halifuati tena ukoo wa mbegu.

Watafiti wa Kanada na Uholanzi waliotoa matokeo yao mwaka 2021 katika jarida la Nature Plants, baada ya kupima karibu sampuli 300, waliona kwamba mbili zilizoitwa sativa zaweza kuwa mbali kwa nasaba kama sativa na indika zilivyo mbali. Kilichoambatana na majina, kwa kiasi, kilikuwa terpini chache: zilizoitwa indika zilielekea kuwa na mirsini nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba wakulima wamekuwa wakizibatiza mbegu zao kwa pua, wala si kwa ukoo.

Lugha ya pili ya muuzaji ni mpya, nayo ndiyo yenye terpini. Huambiwa mnunuzi kwamba THC haifanyi kazi peke yake bali katika msafara, na kwamba riha zilizofuatana nayo huigeuza athari yake. Rai hii ina watetezi wenye elimu. Ethan Russo, tabibu wa Marekani, aliitetea kwa tafsili mwaka 2011, akaipa kila terpini nafasi yake. Na kabla yake, mwaka 2008, Jürg Gertsch na wenzake walionyesha kwamba beta-kariofilini hushikana na kipokezi cha mwili kiitwacho CB2, na wakaona ikipunguza uvimbe katika panya. Lakini haikigusi CB1, kile ambacho THC hukitumia kulevya, na hii ndiyo sababu hakuna aliyepata kulewa kwa karafuu.

Lakini asili ya neno hili la msafara haikuwa juu ya riha hata kidogo. Lilitungwa mwaka 1998 na kundi la Mechoulam kueleza mafuta fulani yaliyomo katika mwili wenyewe wa mnyama, na baadaye likahamishwa kwenye mmea. Mwaka 2019 watafiti wa Sydney walizijaribu terpini za kawaida za bangi juu ya vipokezi vya binadamu vilivyooteshwa maabara, moja moja pamoja na THC, wasione badiliko lolote katika kazi ya THC.

Kisha mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins na wa Colorado wakatoa jaribio juu ya watu wazima 20: waliovuta mvuke wa THC miligramu 30 pamoja na limonini miligramu 15 walieleza wasiwasi mchache kuliko walipovuta THC peke yake, ilhali mambo mengine ya ulevi hayakubadilika kwa namna ya maana.

Mwenye insafu hawezi kuyapuuza haya yote mawili. Jaribio la Sydney lilihusu seli katika sahani, na mwili una njia nyingi kuliko vipokezi viwili. Jaribio la watu 20 ni dogo, na lilitumia limonini safi iliyopimwa kwa kipimo kinachojulikana, wala halikutumia neno lililochapwa juu ya mfuko. Palipothibitika jambo, limethibitika kwa molekuli moja, kwa kiasi kimoja, juu ya athari moja. Muuzaji alichukuaye tokeo hilo akalienezea kila mmea wenye harufu ya limau amevuka mpaka wa elimu, hata kama nia yake ni njema.

Riha iliyokosekana katika orodha

Pana kosa jingine katika lugha ya dukani, nalo ni la kudhani kwamba kilicho kingi ndicho kinukacho. Rice na Koziel, waliopima harufu ya bangi mwaka 2015, walikwisha kuonyesha kwamba vitu vilivyo vingi katika hewa juu ya bangi sivyo vinavyoipiga pua kwa nguvu.

Mwaka 2021 Iain Oswald na wenzake, huko California, walimpata mwenye dhamana ya ule uvundo mkali ambao watu wa Marekani huufananisha na kicheche wa kwao: ni kitu chenye salfa, jamii ya tioli, chenye kaboni 5 zilizopangwa kama tofali ileile ya isoprini, kilichomo kwa kiasi kidogo mno, na ambacho ndicho kiiharibuyo bia iliyoachwa juani. Kwa miaka mingi terpini zilibeba sifa na lawama za harufu isiyokuwa yao.

Aidha riha hazikai. Terpini za kaboni 10 huruka upesi, na Ross na ElSohly wa Mississippi walionyesha mwaka 1996 kwamba bangi ikikaushwa na kuwekwa, hizo hupungua, na sehemu ya zile za kaboni 15 huzidi. Pakiti iliyopimwa mwezi wa kwanza si pakiti ivutwayo mwezi wa nne, na ikiwa tarehe ya kipimo haikuandikwa, orodha yake ni habari za kitu kilichokwisha kuondoka.

Na juu ya haya upo moto. Watafiti wa Portland, Oregon, walieleza mwaka 2017 kwamba terpini zichomwapo juu ya chuma chenye joto kali, kama wafanyavyo wavutao utomvu wa bangi uliokolezwa, huvunjika zikatoa methakrolini iwashayo mapafu, na pia benzini, isababishayo saratani. Mirsini nayo, iliposababisha uvimbe wa saratani katika wanyama wa majaribio waliopewa kwa kiasi kikubwa, iliondolewa mwaka 2018 katika orodha ya viungo vya kutengenezwa viruhusiwavyo katika chakula huko Marekani, ijapokuwa idara husika ilisema haikuona hatari kwa kiasi kinacholiwa, na embe liliendelea kuwa na mirsini yake ya asili. Jina moja, njia tatu za kulipokea: tunda mdomoni, kiungo kiwandani, moshi kifuani, na kila njia ina hukumu yake.

Linalotuhusu sisi

Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, na kila shehena ya namna hiyo yapaswa kufuatana na cheti cha maabara chenye majina na viwango vya vitu vilivyomo. Mashine itoayo vipimo vya riha katika cheti cha namna hiyo, kromatografia ya gesi, ndiyo ileile ipimayo ubora wa mafuta ya karafuu, ya mchaichai na ya mlangilangi. Nchi iliyo na wakemia wa kuisoma vyema hupata faida katika biashara ya halali na ithibati katika mashauri ya haramu.

Kwa hiyo wachunguzi wetu na mahakama zetu wasiridhike na harufu, wala na pua ya mbwa pekee, ilhali riha zilizo kuu katika bangi zimo pia katika gunia la viungo. Wadai THC ionyeshwe kwa jina lake kamili, kwa nambari yake, kwa kiasi chake, na kwa tarehe ya kipimo. Na Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, yaketi na wakemia wa vyuo vikuu vyetu, yaandike kwa tahajia moja majina ya terpini na ya kanabinoidi, yaani jamii ya THC na CBD, kabla kila mfasiri, kila mwalimu na kila mwanasheria hajajitungia yake.